Fundi wa lipu ya chokaa, Mji wa Kale, Mombasa: tathmini baada ya masika

Nilimwita fundi huyu mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, kwa kazi niliyoidhani ndogo: kubandua karatasi za plastiki zilizofunika kuta za chumba cha mama yangu huko Kibokoni, kisha kupaka rangi kabla ya Ramadhani. Karatasi hizo zilibandikwa miaka mingi iliyopita na fundi mwingine, aliyetuhakikishia kwamba zingezuia unyevu, na chini yake alikuwa amepaka lami kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua. Kwa muda zilipendeza. Baadaye zikaanza kufura karibu na kitanda, na uvundo ukawa hautoki chumbani hata madirisha yakishinda wazi.

Alipokuja kukagua, aliingiza ncha ya kisu kwenye maungio ya karatasi, akavuta kipande cha upana wa mkeka wa kuswalia, akanionyesha upande wa nyuma: kuvu jeusi, matone ya maji, na chumvi nyeupe iliyoganda kwenye gundi kama unga. "Dada," akaniambia, "nikikupakia rangi leo, Idi haitafika kabla hujanilaani." Kwa maneno hayo alikataa kazi ya siku mbili ambayo wengi wangeichukua, nami ninampa heshima yake hasa kwa hilo.

Nyumba yetu, kama nyingi za Mji wa Kale, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, bila tabaka la kuzuia maji kwenye msingi. Mawe hayo yana vitundu vingi, hunywa maji ya ardhini, kisha huyatoa polepole kupitia lipu. Ukuta ukifunikwa kwa lami na plastiki, maji huendelea kupanda hadi yapate pa kutokea, na ndiyo maana doa letu lilikuwa limepita kimo cha lami na kukaribia dirisha. Alitoka pia nje kichochoroni, akakuta bomba la maji ya paa likimwaga mguuni mwa ukuta uleule, akalielekeza kwenye mtaro kabla ya kugusa kitu kingine.

Ngozi ya juu ya plastiki ilitoka kavu, kwa mapande makubwa. Karatasi iliyobaki chini yake ililoweshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukwanguliwa kwa bamba pana. Lami ndiyo iliyokuwa na kazi, kwa kuwa maji hayaitoi, na rangi ikipakwa juu yake hutoka madoa ya kahawia. Ikabidi ing'olewe kwa patasi pamoja na lipu ya saruji iliyoibeba, hadi mawe yakaonekana. Sehemu ya juu ilikuwa na rangi ya mafuta ya zamani, ambayo huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo aliikwangua ikiwa imeloweshwa badala ya kuipiga msasa kavu, akawazuia wajukuu wasiingie. Chumvi aliipangusa kwa brashi kavu, akieleza kwamba ukiiosha unairudisha ndani ya jiwe.

Kisha ukuta ukaachwa wazi wiki sita. Hapo tulivutana, maana mama alilala sebuleni karibu Ramadhani nzima. Nilipogusa mawe wiki ya kwanza, kiganja kilirudi kimelowa; wiki ya sita kilirudi na vumbi. Ndipo akapiga lipu mpya, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, mchanga usiotoka ufukweni kwa sababu ya chumvi yake, katika matabaka membamba aliyoyanyunyizia maji ili joto lisiyapasue. Mwishoni akapaka chokaa nyembamba, mara nne.

Yapo yaliyoniudhi. Alichelewa siku nne bila kupiga simu, magunia ya kifusi yakakaa kichochoroni siku mbili jirani akilalamika, na alianza kugonga karibu na soketi kabla sijamwambia azime umeme, kosa ambalo kwenye ukuta uliolowa ni la hatari.

Masika yamepita, na ukuta ni mkavu, isipokuwa pembe moja inayopakana na bafu, ambako unga mweupe umerudi na ninaupangusa kila Ijumaa. Alikuwa amenionya kwamba chumvi iliyobaki ndani ya mawe itaendelea kutoka kwa muda. Uvundo umekwisha. Ninampendekeza kwa mwenye nyumba ya mawe ya zamani. Mwenye nyumba ya matofali ya saruji atafute kwanza maji yanatoka wapi, kwa kuwa huenda dawa yake ni nyingine. Ukuta wa ngazini una karatasi zilezile, nasi tumeshakubaliana auanze kaskazi ijayo, kwa sharti kwamba umeme utazimwa kwanza na kifusi kitaondolewa siku hiyohiyo.