TAHADHARI: Huyu "fundi" wa kusafisha mito ya viti vya nje ni mwizi

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Viti vyangu vya barazani mnavijua, na mito yake mnaijua, nyie ndio mnaoimwagia vinywaji. Sasa huyu jamaa anayejitangaza kusafisha mito ya viti vya nje ameniliza mchana kweupe.

Sikumwokota barabarani. Aliyenielekeza kwake ni yule yule aliyenitafutia fundi wa paa, na kazi ya paa mliiona. Alikuja na aproni safi, kitabu cha risiti na chupa ya kupulizia. Akageuza mto mmoja, akafuta kona kwa kitambaa, akapulizia "dawa ya kuzuia maji", akatulia kidogo, halafu akamimina maji ya glasi. Maji yakajikusanya vidonge vidonge, yakateleza hadi sakafuni. "Gusa, bosi." Nikagusa. Pakavu kabisa! Nani asingeamini? Kumbe vitambaa vingi vya viti vya nje huwekewa kinga ya maji tangu kiwandani, na yeye alichagua upande wa chini usiopigwa na jua, ambako kinga bado ipo. Hata bila chupa yake maji yangeteleza vilevile.

Akasema uchafu wa ndani hautoki kwa mkono, lazima mito iende kwenye mashine yake. Akaniandikia risiti (kwa mwandiko mzuri, shetani yule), akapakia yote.

Ilirudi imefungwa kwenye nailoni, inanukia kama duka la marashi. Nikamalizia malipo pale pale mlangoni. Nakaa tu, makalio yanagonga mbao. Natafuta zipu, imeshonwa kwa uzi! Nikachana. Sponji yangu nzito haipo. Ndani kuna chenga za sponji za kila rangi, vipande vya magodoro makuukuu, vingine bado vimelowa, na uvundo wa ukungu ukanipanda puani. Foronya nazo kaziloweka kwenye jiki. Za akriliki zimestahimili, lakini zile za pamba, maua yamefifia hata hujui ni maua au madoa.

Simu yake haipatikani. Huyu afungwe, wala asipigwe faini, maana faini atailipa kwa kuuza sponji zangu. Huko ndani alazwe juu ya chenga zake zikiwa mbichi vilevile, mgongo umfundishe kazi. Na aliyenielekeza aache kusoma ujumbe wangu na kunyamaza.

Akija kwenu: atang'ang'ania kuondoka na mito mizima. Mwambieni avue foronya hapo hapo, sponji ibaki nyumbani. Akikataa, ndiye. Zipu iliyoshonwa, manukato makali, nailoni, msilipe kabla hamjafungua. Tena kazi yenyewe haihitaji mashine: sabuni laini, maji ya uvuguvugu, brashi laini, suuza, kisha simamisha mto kwa ubavu upepo upite, kwani sponji hukauka nje huku ndani bado ina maji. Wala msimruhusu achanganye jiki na siki mbele ya watoto, ule moshi wake ni sumu.

Risiti ninayo, na chenga zake nimezihifadhi kwenye gunia kama ushahidi. Mwenye picha yake au namba ya gari lake anitumie leo hii, nipeleke polisi.