Darasa la muziki la uani, Kikwajuni, Unguja: sikio kwanza, karatasi baadaye

Niseme mapema: anayetafuta cheti asijisumbue. Hapa hakuna cheti, hakuna sare, na ile mistari mitano ya noti huioni mpaka mwezi wa pili. Lakini kwa mtu mzima kama mie, niliyekulia kuisikia taarab redioni na kwenye maharusi bila kujua kinachopigwa ni nini, sijaona pahala pazuri pa kuanzia kuliko hapa.

Darasa liko uani kwa Maalim, baada ya Alasiri mpaka Magharibi ikikaribia. Ada shilingi 40,000 kwa mwezi, unampa mwenyewe mkononi. Ukifika mtaani uliza "kwa Maalim wa kanuni" (kanuni ni ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), hata watoto wanaocheza mpira watakupeleka.

Mwanzo ni dumbak, ile ngoma ndogo ya kupigwa kwa mikono, hapana chengine. Pigo la katikati ya ngozi ni dumu, la ukingoni ni taka. Maalim anahesabu nafasi nane: dumu, taka, kimya, taka, dumu, kimya, taka, kimya. Huo ndio mdundo wa maksum, umejaa kwenye nyimbo za Misri na hata zetu. Kila mgeni hukwama kwenye kimya cha mwanzo, maana mkono hautaki kutulia. Waliozoea kutunga mashairi hupata nafuu, wao kuhesabu mizani nane kwa nane wameanza zamani.

Kisha zinakuja do, re, mi. Ana kinanda kidogo cha umeme anachokitumia kutuonesha kwamba baina ya mi na fa hakuna kibonyezo cheusi, wala baina ya si na do, kwa hiyo hapo hatua ni nusu. Siku ile akapiga mi ya kinanda, akapiga na ile iliyoshushwa nusu, halafu akaivuta kanuni mapajani, akageuza kijichuma kidogo upande wa kushoto wa nyuzi na kupiga sauti iliyo katikati ya zile mbili. Uwanja mzima tukaguna. Hiyo ndiyo mi ya Rast, mojawapo ya makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, na kinanda cha kawaida hakinayo. Makamu ya Hijazi inapigika humo, Nahawandi pia. Rast na Bayati hazipigiki sawasawa. Kwa hiyo kama unataka taarab, usikimbilie Darajani kununua kinanda chochote kile. Vipo vinavyokubali kurekebishwa noti moja moja kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, uliza hivyo kabla hujatoa pesa.

Kwenye sauti ndipo Maalim anaponipendeza zaidi. Anakupandisha kutoka chini noti baada ya noti, na anaandika kwenye kijidaftari chake pale koo linapoanza kukaza. Wanawake anawagawa soprano (sauti ya juu) na alto (ya chini), wanaume nao tenor (ya juu) na besi (ya chini). Mie nimo alto, na nimeridhika. Lakini kwetu kiitikio tunaimba wote kwa noti zilezile, hatugawani sauti nne kama kwaya ya kanisani, na yeye analieleza hilo wazi. Faida ya kuijua sauti yako, anasema, ni kwamba wimbo ushushwe au upandishwe ukufuate wewe. Binti mmoja alikuwa akiukamia wimbo mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Maalim akamwambia, "Mwanangu, mbona unagombana nao? Teremka." Akaushusha hatua mbili, na binti akaimba kama si yeye.

Sasa kero. Udi, zile ala za nyuzi zenye tumbo la mviringo, ni mbili tu na wanafunzi tumejaa. Moja kigingi chake kinateleza, unaitia sauti, dakika chache tena imelegea, na kwa vile udi hauna vigawanyo shingoni kama gitaa, anayeanza hajui kama kosa ni la kidole au la uzi. Kijana wa kufundisha fidla anakuja akipenda. Na somo la kuandika noti limebanwa jioni moja: mistari mitano, ufunguo wa sol, noti nzima, nusu na robo, vyote kwa mkupuo. Jirani yangu mkekani hakurudi tena, na simlaumu. Nilimwambia Maalim, "Shikamoo Maalim, hili tungeligawa siku tatu." Akaitikia marahaba, akacheka, na wiki ya pili yake akaendelea vilevile.

Anayetaka kusoma noti hasa atafute mwalimu mwengine wa hilo. Anayetaka aisikilize taarab ajue wapi fidla imeingia na kwa nini mwimbaji kasubiri, aje hapa. Mwezi wa Ramadhani darasa linafungwa, na baada ya Sikukuu watu hufurika, kwa hiyo jiandikisheni kabla. Chukueni daftari na dawa ya mbu.