Umeme wa nyuklia: mzigo wenyewe safi, kuletewa ndo kasheshe (nyota 3 na nusu)

Bidhaa yenyewe sina neno nayo. Kidonge kimoja cha urani, kidogo kama ncha ya kidole, kinatoa nishati karibu sawa na tani nzima ya makaa ya mawe, na kinu kikishawaka kinapiga kazi tu, jua lizame upepo ulale chenyewe hakina habari. Na kaboni je? Hesabu za 2014 za IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ukijumlisha kuanzia kuchimba urani mpaka kubomoa mtambo, ni kama gramu 12 kwa uniti moja, makaa ya mawe ni 820. Hapo kiko sawa na upepo kabisa.

Sasa njoo kwenye kuletewa mzigo, aisee. Kinu cha Flamanville 3 kule Ufaransa walianza kujenga 2007 wakaahidi 2012, kimekuja kuunganishwa kwenye gridi Desemba 2024, na bei iliyoanza yuro bilioni 3.3 ikapita 13. Olkiluoto 3 ya Finland hivyo hivyo, 2005 wanaanza, wateja wanaambiwa 2009, wakasubiri mpaka 2023. Na hao Wafaransa si wageni wa hii kazi, ni haohao ambao bei ya mafuta ilivyopaa 1973 walijenga vinu zaidi ya 50 ndani ya kama miaka 20, shida ni kwamba baadaye wakakaa muda mrefu bila kujenga, mafundi wakastaafu, wakaanza upya kama wanajifunza. Wakorea Kusini ambao mikono yao haikupoa walijenga vinne Barakah, Falme za Kiarabu, wakaanza 2012 cha mwisho kikaanza kazi 2024, nao walichelewa ila si kwa kiwango kile.

Ndo maana mtu akiniambia tusihangaike na sola tusubiri nyuklia namuona kama anatafuta kisingizio cha kuendelea kuchoma makaa. Sola unafunga ndani ya miezi.

Taka zake watu wanazikuza sana, Finland wameshachimba Onkalo, zaidi ya mita 400 chini kwenye mwamba, pa kuzizika. Ajali za vinu vya Chernobyl na Fukushima hazisahauliki sawa, lakini moshi wa makaa unaua watu wengi zaidi kila mwaka kimyakimya. Kwa hiyo Ujerumani kuzima vinu vyake vitatu vya mwisho Aprili 2023 huku mitambo ya makaa inaendelea kuunguruma, hiyo nawapa nyota moja, tena kwa huruma.

Kasoro nyingine ambayo wauzaji hawaisemi: kinu kinahitaji maji ya kupooza. Kiangazi cha 2022 mito ya Ufaransa ilipata joto hadi baadhi ya vinu vikapunguza uzalishaji, yaani dawa ya joto inazidiwa na joto lenyewe.

Hivyo vinu vidogo vinavyopigiwa debe sijavipa nyota bado, kampuni ya NuScale inayobuni vinu hivyo na wateja wake Marekani walifuta mradi Novemba 2023 baada ya bei kupanda, kabla hata kinu hakijajengwa.