Xience Sierra kwenye panda ya mshipa: kwanza tazama 3.75

Xience Sierra ya Abbott, stenti yenye dawa (kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa uwe wazi), haikusanifiwa maalumu kwa ajili ya panda, pale mshipa wa moyo unapogawanyika. Hata hivyo, kwa wagonjwa wa Unguja na Pemba wanaovushwa kwa rufaa hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, tungeichagua bila wasiwasi kwa kazi hiyo, kwa sharti kwamba kipimo kipigiwe hesabu kabla pakiti haijafunguliwa.

Shina la mshipa siku zote ni pana kuliko matawi yake. Kanuni ya Finet inasema jumlisha vipenyo vya matawi mawili, zidisha kwa 0.678. Matawi ya milimita 3.0 na 2.5 yanatoa shina la 3.7. Stenti huchaguliwa kwa kipimo cha mbele ya panda, yaani 3.0, kisha upande wa shina hutanuliwa kwa puto. Sierra za 2.0 hadi 3.25 kikomo chake cha kutanuliwa ni milimita 3.75, za 3.5 na 4.0 hufika 5.5. Mfano huo umepenya kwa tabu. Matawi yakiwa 3.25 na 2.75, shina ni 4.07, na stenti ya 3.25 haifai tena: itaelea bila kugusa ukuta, damu igande nyuma yake, na ukiilazimisha fito, yaani vijiti vya chuma vya wavu wake, zinaweza kukatika. Chukua 3.5, uifungue kwa shinikizo la chini kidogo.

Puto la shina liwe fupi na gumu, na bega lake la mbele liishie usawa wa ncha ya mgawanyiko. Likizidi mbele huisukuma ncha na kubana mdomo wa tawi. Likibaki nyuma, matundu ya stenti hayafunguki vya kutosha. Kwa hiyo acha milimita 8 hadi 10 za stenti upande wa shina, puto lipate pa kukaa. Tawi likihitaji kufunguliwa, waya upite tundu la mbele kabisa, karibu na ncha. Ukipita tundu la nyuma, fito hubaki zimeziba mdomo. Maputo mawili yakijazwa pamoja huliacha shina na umbo la yai, ndiyo maana puto la shina hurudiwa mwishoni. Tawi dogo linalopitisha damu vizuri liacheni.

Fito za Sierra ni nyembamba, mikromita 81, na viungo vitatu kati ya pete zake huizuia isijikunje kateta, mrija unaopitisha vifaa, ikiigusa. Stenti ya Tryton, iliyobuniwa mahsusi kwa panda na kuidhinishwa Marekani mwaka 2017, haikuwa na dawa, na jaribio lake kuu halikufikia lengo; matawi mengi yaliyowekewa yalikuwa madogo mno.

Sierra huhifadhiwa kwenye nyuzi 25, kwa muda mfupi 15 hadi 30. Boksi lililoachwa ndani ya gari juani bandarini Malindi, Unguja, limeshavuka hapo.

Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, huendelea pamoja kwa kawaida miezi 6, au 12 baada ya shambulio la moyo. Humezwa mara moja kwa siku, hivyo mwezi wa Ramadhani zinaangukia futari au daku. Anayerudi Pemba abebe akiba ya wiki kadhaa, kwani bahari ikichafuka boti haziondoki.