Kibegi cha kamera kilichonidondokea Daraja la Mungu, na kijana wa dukani aliyeniuliza kamera ni ya nani

Kuna duka moja la vifaa vya kamera hapa Mbeya mjini ambalo sitalikanyaga tena maisha yangu yote. Jina silitaji. Ila kibegi walichoniuzia nitakieleza chote, uzuri wake na ubovu wake, maana najua tuko wengi huku Nyanda za Juu Kusini tuliohamia kwenye kamera ndogo na tunahangaika kupata begi la kuzitosha. Kibegi hiki nakipenda. Na nikikumbuka kilichonipata nacho natamani nikitupe jalalani leo hii.

Natumia Fujifilm X-T30 na lenzi tatu: ile bapa ya 27mm, ya 23mm na ya 50mm. Sifa zake kila mtu anaweza kuzitafuta. La muhimu hapa ni uzito. Kamera, lenzi zote tatu na betri mbili za akiba, jumla havifiki kilo moja. Shikeni hilo la kilo moja, nitalirudia.

Zamani nilikuwa nabeba begi kubwa la mgongoni, na kila anayefanya kazi hii anaijua adha yake. Ukipanda daladala Uyole kwenda Kabwe unalipakata, na aliyekaa pembeni anakununia mpaka anashuka. Kanisani siku ya kipaimara, ukipita katikati ya mabenchi, linagonga mabega ya akina mama. Ukishuka stendi, kila mwenye macho ameshajua umebeba nini. Kwa hiyo nilitaka kitu cha kukaa ubavuni, rangi iliyopoa, kisichofanana na begi la kamera hata kidogo.

Watu wakichagua kibegi huuliza swali moja tu: zinaingia lenzi ngapi? Mimi huuliza na mengine. Kifuniko kinafungukia wapi? Kikifungukia upande wa mwili kinakugonga tumboni na kukuziba usione ndani. Kikifungukia nje, mkono unazama moja kwa moja kwenye lenzi unayoitaka. Kinafungwa kwa nini? Velkro, ile ya kunatisha na kubandua, ni adui wa mpiga picha wa kanisani. Mchungaji anaomba, kanisa zima kimya, wewe unavuta kifuniko, krrrrr, watu wanafumbua macho kutafuta nani huyo. Zipu nzuri inateleza bila mtu kugeuka. Na vigawanyio vya ndani je, vinahamishika au vimeshonwa hapohapo? Kwa lenzi fupi kama zangu unataka kulaza moja juu ya nyingine, katikati kipande cha sponji, na kamera ikae pembeni ikiwa na lenzi yake tayari kwa kazi. Kibegi hiki kilijibu yote hayo. Hapo sikinyimi haki yake.

Na kilinipa raha kweli. Mvua za Tukuyu mnazijua, hazipigi hodi. Zilinikuta zaidi ya mara moja nikiwa juu ya bodaboda, nikashuka nimelowa mpaka soksi, nikafungua zipu na mikono inatetemeka, nikakuta ndani hamna hata tone.

Sponji yake nene ilinisaidia na jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kabisa. Sisi tunaishi kwenye baridi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo umepita mita 2,500, halafu unapata kazi Matema, ziwani kule Kyela, ambako hata mita 500 hazifiki. Ukishuka Kyela na kamera iliyolala kwenye baridi ya huku juu, ukaitoa ghafla kwenye lile joto, kioo cha lenzi kinajaa mvuke hapohapo. Unafuta, unarudi. Unafuta tena, unarudi, na bwana harusi anakuangalia. Dawa ni kuacha begi limefungwa mpaka kamera ipate joto taratibu. Kibegi chembamba cha kitambaa kitupu hakikupi nafasi hiyo. Hiki kilinipa. Ila ukirudi nyumbani kianike, maana sponji ikikaa na unyevu wiki nzima ndiyo inayozaa kuvu ndani ya lenzi, ule utando kama wa buibui, na huo hautoki kwa kitambaa. Mimi hutumbukiza vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kwa hayo yote ningekipa nyota tano bila kufikiri. Mpaka siku ile.

Ilikuwa bado msimu wa mvua, tuko Daraja la Mungu, mto Kiwira, na maharusi waliotaka picha za nje kabla ya ukumbini. Wanaopajua wanajua palivyo: daraja la mwamba ambalo hakuna binadamu aliyelijenga, chini maji yanapita kwa nguvu, na mawe yana majimaji kila wakati. Nimepiga goti, kamera mkononi, kibegi ubavuni kina lenzi mbili tu. Nainuka, nasikia "tap" nyongani. Mkanda ukalegea begani. Kibegi kikapiga mwamba, kikabingirika, kikanasa kwenye ufa, hatua chache kabla ya ukingo. Bibi harusi alipiga ukelele kuliko mimi. Mimi sauti haikutoka.

Lenzi ya 50mm ilitua kwa ubavu. Pete ya mbele, ile ya kufungia filta, imebonyea, na tangu siku hiyo ikitafuta fokasi inakwaruza kwa ndani. Lenzi hiyo ndiyo ninayopigia nyuso za watu. Ndiyo iliyonipa wateja wengi nilionao leo. Nikaimaliza kazi ya watu kwa 27mm na 23mm, nikitabasamu, na kibegi nimekikumbatia kifuani.

Jioni nikakaa nikakichunguza. Mkanda mzima. Pete ya chuma nzima. Zipu haijaachia hata jino moja. Kilichong'oka ni kile kiulimi cha kitambaa kinachoishika pete, kimechomoka chote kutoka kwenye mshono wa pembeni, na nyuzi zimening'inia.

Sasa dukani. Nilikwenda siku chache baadaye nikiwa nimetulia kabisa. Nikasalimia, nikakiweka kibegi juu ya kaunta, nikaeleza vizuri. Kijana aliyeniuzia hakuinua macho kwenye simu yake.

"Dada, hii ulibebea mawe?"

"Nilibebea lenzi mbili, kaka. Ni begi la kamera, wewe mwenyewe uliniuzia kwa jina hilo."

"Kamera ya nani?"

Nikadhani sijasikia vizuri. "Yangu."

"Basi mwambie mwenye kamera aje mwenyewe, tutaongea naye."

Nimesema tayari kwamba ni yangu. Amesikia. Wateja wengine wamesikia. Mmoja akacheka. Nikamwambia mimi ndiye mpiga picha, kazi hii inanilipia kodi na ada za watoto, na nilipokuja kununua nilimweleza naweka kamera gani na lenzi zipi, akasema zinaingia zote tatu bila shida. Ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza, kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema: "Hiki ni cha kina dada, cha mtoko. Cha kazi ni yale makubwa kule juu." Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Mkono ulikuwa unanitetemeka nikauficha chini ya kaunta. Kibegi hichohicho aliniuzia kama begi la kamera, kwa shilingi 95,000, bila kupunguza hata mia. Leo kimekuwa pochi la mtoko. Na mawe ninayotuhumiwa kubeba hayafiki kilo moja! Kilo ya sukari ni nzito kuliko alichoambiwa kitabebwa humo, na akina mama wanabeba kilo za sukari kwenye mifuko ya kawaida kabisa bila mfuko kukatika.

Risiti? Siku ya kununua niliomba ya mashine, nikaambiwa mtandao unasumbua, nikaandikiwa kwa mkono. TRA, watu wa kodi, wanatuimbia kila siku, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nilidai. Na hata bila karatasi ya mashine, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji aliyeelezwa kazi ya bidhaa atoe bidhaa inayoifaa kazi hiyo. Nilimweleza. Nilimweleza kwa majina ya lenzi. Kusema kweli, fedha ningeweza kuisamehe. Swali la "kamera ya nani" silisamehi. Wako wasichana hapa mjini ndiyo kwanza wanaanza, wana kamera za kuazima na mioyo imejaa woga. Akiingia mmoja wao pale akaulizwa hivyo, hatarudi kwenye kazi hii. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko lenzi.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi Mwanjelwa kwa fundi viatu mmoja, mtu mzima, anayeshona mpaka matandiko ya pikipiki. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, akakipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza kamera ni ya nani. Aliuliza, "Unavaa bega gani?" Hilo tu. Akakigeuza nje ndani, akachukua wembe, akafumua bitana taratibu, kisha akaniita nisogee nione.

Kile kiulimi kilikuwa kimeingia ndani ya mshono kwa upana usiofika ukucha wa kidole kidogo. Kimepigwa mistari miwili ya cherehani, uzi mwembamba wa kushonea mashati, na mstari mmoja ulikuwa umeikosa kabisa ile tepe ngumu ya pembeni, umeshika bitana peke yake. Kwa maana hiyo uzito wote wa kamera yangu ulikuwa unaning'inia kwenye bitana na mstari mmoja tu wa uzi wa shati. Akafumua upande wa pili: vilevile, na mshono umeshaanza kufumuka, ungefuata muda si mrefu. "Aliyeshona hapa," akasema, "alijua hatakibeba yeye."

Akakata kipande cha mkanda wa siti ya gari, kirefu, akakipitisha kutoka pete moja, kikashuka ubavuni, kikapita chini ya kitako cha kibegi, kikapanda hadi pete ya pili. Uzito sasa unabebwa kutoka chini, na mshono wa pembeni haubebi kitu. Kila kona akapiga mraba na alama ya X katikati, kwa mkono, uzi wa nailoni uliopakwa nta. Akakivuta kwa mguu kukijaribu, mguu kakanyagia kibegi, mikono miwili kwenye mkanda. Shilingi 8,000. Nilimwambia ndaga fijo, baba, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na nilikuwa karibu kulia, maana baada ya yale ya dukani nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuihudumia kazi yako kwa heshima namna ile.

Sasa hukumu. Nilikaa kuandika nikiwa na neno moja tu: msikinunue. Halafu nikaangalia kilivyokaa hapa mezani, kifuniko kinachofungukia nje, zipu isiyo na kelele, sponji iliyoniokoa Matema, na sijaona kingine cha ukubwa huu kinachokifikia. Tangu kishonwe upya nimekwenda nacho Kitulo kwenye maua, nimepanda nacho mlima Loleza, nimekimbia nacho nikifuata msafara wa harusi Mbalizi, hakijatikisika. Kwa hiyo nilitaka kubadilisha, niseme kinunueni, ila msinunue kwa yule kijana.

Lakini hapana. Nimewasha kamera sasa hivi na ile 50mm, nikasikia mkwaruzo wake, na siwezi kuwaambia watu watoe 95,000 kwa kitu ambacho kiwanda kilikishona kwa uzi wa shati. Fundi wangu ndiye aliyetengeneza begi zuri. Wao waliuza ganda lake. Nyota tano ni za mzee wa Mwanjelwa, na kiwanda nakipa mbili, moja ya zipu na moja ya sponji. Duka halipati hata nyota moja.

Kama tayari unacho, fanya hivi kabla lenzi haijaingia humo. Toa kila kitu, shika pete ya chuma, ivute kwa nguvu kuelekea juu, na uangalie pale kiulimi kinapoingia kwenye mshono. Ukiona nyuzi nyeupe zinachungulia, usikivae. Mpelekee fundi viatu, siyo fundi nguo, maana cherehani ya nguo haipenyi unene ule, na mwambie apitishe mkanda chini ya kitako kutoka pete hadi pete. Pande zote mbili, hata kama mmoja bado unaonekana mzima.