Uzoefu wangu na Samsung T7: kabla hujamwagia kazi ya mteja, ipime, ifomati, ibandike jina

Wakuu, mi nashuti harusi na sendofu hapa Dar. Kuna mwaka nilikuwa na eksteno (diski za nje za kuhifadhia mafaili) mbili nyeusi, mapacha kabisa, hazina alama yoyote, usiku nimechoka nikafomati moja nikijua ndo ile tupu kumbe ndo yenye sendofu ya binti wa watu. Programu ya kurudisha mafaili ikaleta vipande vipande tu. Mama yake alivyopiga simu sikuwa na la kumwambia, hela nilirudisha yote lakini ile siku hairudi na bado inaniuma.

Sasa hivi niko na T7, eksteno za SSD za Samsung, za 1TB na nimeridhika nazo sana. Ndani hakuna sahani inayozunguka kama zile za zamani so hata nikipanda bodaboda na begi roho imetulia. Spidi wanasema mpaka MB 1,050 kwa sekunde, ila tumia waya wake na tundu la USB linaloendana, kuna siku nilichomeka waya wa kuchajia simu ikawa inatambaa kwa MB 40 hivi nikajua imekufa. Windows itakuonyesha GB 931, usishtuke ni hesabu tu, hujaibiwa.

Ikitoka dukani naipima hata kama boksi lina sili. Windows natumia programu ya H2testw, inajaza diski yote halafu inasoma upya, maana feki inajitangaza 2TB wakati ndani ina GB chache, unakopi vizuri tu, ukija kufungua mafaili ya baadaye hayafunguki. Mi nilishanasa moja hivyo, namshukuru Mungu ilikuwa kabla ya kazi.

Nafomati exFAT, fomati inayosomeka na kuandikika Windows na Mac, kwa sababu mimi niko Windows na editor wangu yuko Mac, ila exFAT ukichomoa bila kueject unaweza kuharibu mafaili, msiwe na haraka jamani. Jina la diski exFAT mwisho herufi 11 kwa hiyo naandika HARUSI_03_A, na hilohilo naliandika kwa maka peni kwenye ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Usiandike juu ya bodi yenyewe, jasho la mkono linafuta.

Kasoro yake, ukikopi muda mrefu inapata joto na gundi ya tepu inalegea, so tepu naizungusha diski yote mpaka ncha zipandane. Halafu 1TB inaisha haraka, kamera yangu 4K ya megabiti 100 inakula GB 45 kwa saa, kamera mbili saa sita ni GB 540, harusi ya pili haiingii.

Diski ya A inaenda kwa editor, ya B yenye kopi ileile inakaa kwa dada yangu Mbagala, na B haifomatiwi mpaka mteja mwenyewe aseme video ameipata na ameiangalia yote.