Mashine ya boti kwa maji ya kina kifupi: ununue ipi kwa maziwa ya Kyoga na George na mdomo wa Nile

Swali ninaloulizwa kila mara hapa Wanseko, mwambao wa Ziwa Albert nchini Uganda, ni moja: "Fundi, nichukue ya 15 au ya 40?" Nami hujibu kwa swali ambalo huwaudhi wengi: tezi ya boti yako, ule ubao wa nyuma inapofungwa mashine, ina kimo cha inchi ngapi? Mtu amekuja na pesa mfukoni, anataka kusikia hospawa, yaani nguvu ya mashine, mimi namrudisha mwaloni akachukue tepu.

Nina sababu. Kyoga sehemu kubwa haifiki mita 4, na hata pale penye kina kuliko kwingine kote hapafiki mita 6. George wastani wake ni kama mita 2.4. Hapa kwetu, Nile inapomwagika Ziwa Albert ikipita kwenye mafunjo, mchanga hauna makazi: njia uliyopita msimu uliopita leo ni fungu. Halafu kuna yaliyozama maji yalipojaa mwaka 2020, visiki na kuta za nyumba, ambayo macho hayaoni ila propela inayapata. Katika maji ya namna hii unachonunua kwanza ni kimo cha mashine, yaani propela inakaa chini kiasi gani. Nguvu inafuata baadaye.

Kupima tezi

Weka tepu juu ya ubao wa tezi, pale vibano vya mashine vitakapokaa, ushuke wima hadi chini ya boti. Ukipata karibu inchi 15, unahitaji shafti fupi. Ukipata karibu 20, ni shafti ndefu. Kwenye mashine yenyewe unapima kutoka pale inapokalia ubao hadi kwenye lile bamba pana lililo juu ya propela.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa shafti ndefu Kampala. Muuzaji aliniapia kwamba "zote ni sawa". Boti yangu ilikuwa ya inchi 15. Mashine ikaning'inia inchi 5 chini ya inavyotakiwa, na kila nilipokaribia mwalo ililima matope kama ng'ombe wa Teso. Inchi 5 ni kitu kidogo mpaka uwe na abiria kumi na wawili na maji yamekufika magotini.

Nafasi ya kwanza: ya hospawa 15, shafti fupi, ya kuchanganya oili na petroli

Kwa mvuvi au mchuuzi wa samaki mwenye boti ya mbao ya futi 20 hivi, hii ndiyo ninayomwambia anunue. Yamaha Enduro ndiyo iliyozoeleka, na sababu yangu si sifa za kiwanda: spea zake zinapatikana, na fundi wa mwalo wowote ameshaifungua. Watu wawili wanaibeba bila taabu hadi nyumbani jioni, jambo la maana mahali ambapo mashine zinaibwa. Ile isiyochanganya oili, ya nguvu hiyohiyo, inakula petroli kidogo na haina moshi, ila ni nzito zaidi, na uzito huo wote unakaa kwenye tezi, mahali pale pale tusipotaka pazame.

Kabla ya kulipa, uliza kama ina wenzo wa maji mafupi. Nyingi za kuinua kwa mkono zinao: unauvuta, mashine inainama nyuma nusu na kubaki hapo huku propela ikisukuma. Wengi wana mashine hizi miaka mingi na hawajawahi kugusa wenzo huo. Ukiutumia, nenda polepole, uhakikishe tundu za kunyonyea maji bado zimezama, na usirudi nyuma kwa kasi, kwa sababu katika hali hiyo mashine haijafungwa na itaruka juu.

Kuifunga sasa. Kwa kawaida lile bamba pana linakaa sawa na chini ya boti au inchi moja chini yake. Kwa maji yetu mimi hupandisha mpaka lilingane na chini ya boti, kisha sentimita moja zaidi, kwa kuweka kipande cha mti mgumu juu ya tezi. Halafu tunakwenda kujaribu tukiwa na mzigo, siyo boti tupu. Kata kona kali. Mashine ikilia juu ghafla bila kusukuma, propela imeshika hewa: shusha kidogo. Na muda wote angalia inavyokojoa. Ule uzi wa maji unaotoka kando ndio unaokuambia mashine inapozwa. Ukikatika, zima hapohapo.

Propela ina namba mbili, kwa mfano 9¼ x 9. Ya kwanza ni upana wake kwa inchi, ya pili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza. Boti ya mzigo inataka namba ya pili iwe ndogo. Propela ya alumini inatosha. Ya chuma cha pua ni ngumu, na ugumu huo ndio ubaya wake hapa: ikigonga kisiki haivunjiki yenyewe, inapeleka pigo ndani ya giaboksi.

Nafasi ya pili: mkia mrefu

Kwa mtu wa Kyoga anayeishi na magugu maji na gugu la Kariba, hii kwangu ingekuwa ya kwanza. Ni injini ya kawaida inayopozwa kwa hewa, jamii ya ile ya kusukuma maji shambani, Honda GX200 au GX390 au nakala zake, iliyofungwa juu ya egemeo, na bomba refu lenye shafti linaloelekea nyuma karibu sawa na uso wa maji. Mwisho wake kuna propela ndogo. Kina kikipungua unakandamiza mpini, mkia unapanda. Magugu yakijisokota unauinua wote juu ya maji, unasafisha na kuendelea.

Hainyonyi maji ziwani, kwa hiyo hakuna impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza, ya kuliwa na mchanga wala tundu la kuzibwa na matope. Huchanganyi oili na petroli. Oili inakaa ndani ya injini, na lazima uiangalie kila asubuhi kwa sababu injini inafanya kazi imeinama. Kila fundi wa kinu cha kusaga anaweza kuitengeneza.

Ubaya wake ni kwamba ina kelele, ni ya polepole, na kuigeuza kunataka mabega. Nyingi hazina gia ya nyuma. Bila klachi, propela inazunguka tangu unapoiwasha, na mwaloni watoto wanaoga. Usinunue isiyo na klachi, hata ukiambiwa bei ni nusu. Na mawimbi ya Albert upepo ukichafuka sikushauri uyakabili nayo.

Nafasi ya tatu: ya 25 au ya 40

Hizi ni za mwenye boti ya abiria au mizigo anayekata maji makubwa na ana tatizo la kina kifupi katika mita mia za mwisho za safari tu. Usitegemee kasi kukuvusha. Boti nzito ya mbao isiyopanda juu ya maji, ukiiongezea moto penye kina kifupi, tezi yake inazama zaidi. Zima, inua mashine kabisa, shika pondo. Peleka abiria wawili au watatu omo, yaani mbele ya boti, ili tezi ipande. Ukiwa na uwezo, mchomeleaji akutengenezee sahani ya chuma ya kuisogeza mashine nyuma ya tezi: maji yanayotoka chini ya boti huanza kupanda, kwa hiyo kila inchi 8 hadi 10 unazoisogeza nyuma zinakuruhusu kuipandisha kama inchi moja. Ila uzito unavuta zaidi, ubao wa tezi uwe mzima.

Nafasi ya nne: kuukuu ya shafti ndefu

Bei inavutia. Kama tezi yako ni fupi utalazimika kuijengea ubao wa inchi 5, na ubao uliopachikwa vibaya umezamisha mashine nzima ziwani. Kwa kuukuu yoyote, fungua skrubu ya chini ya giaboksi: oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Tazama pezi la chini kama limewahi kuvunjika na kuchomelewa. Namba ya mashine ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Hiyo mashine ina mwenyewe.

Ya kuacha

Mashine za jeti, zisizo na propela, husifiwa sana kwa maji mafupi, na katika mito ya mawe na maji safi zinastahili. Hapa hapana. Unapoteza karibu theluthi moja ya nguvu kabla hujaanza safari, magugu yanaziba chujio lake, na mchanga unakula mapanga yaliyo ndani.

Ukishachagua, mwambie muuzaji aiwashe ndani ya pipa la maji mbele yako, ikojoe, uingize gia mbele na nyuma. Kabla ya kuondoka chukua impela moja ya akiba. Mchanga wa Wanseko uliwahi kuila yangu kabla mwaka haujaisha. Ongeza propela ya pili, pini za propela tatu au nne, spana ya plagi na kipande cha waya mwembamba wa kuzibulia lile tundu la kukojoa. Vifunge vyote kwenye kopo lenye kifuniko, ulifunge kwa kamba kwenye boti.